Mtakatifu Bakhita, Mtawa wa Maneno Machache

Mwenyezi Mungu hakuwaumba watu wote kwa tabia moja. Wako wanaopata nguvu katikati ya watu wengi: wakisema na kucheka pamoja na wenzao, mioyo yao huchangamka. Wako na wengine ambao makutano huwachosha upesi. Hao nao huwapenda wenzao kwa kweli, lakini baada ya mazungumzo marefu hutafuta mahali pa utulivu wapumzishe mioyo yao. Vijijini watu wa namna hii huhukumiwa vibaya mara nyingi. Mmoja huitwa mwenye kiburi, mwingine hushukiwa uchawi, kwa sababu tu hakai sana motoni pamoja na wenziwe. Maisha ya Mtakatifu Yosefina Bakhita yaonyesha kwamba hukumu hiyo si ya haki.

Bakhita alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika nchi ya Darfur, magharibi ya Sudani. Alikuwa mtoto bado, karibu na mwaka 1877, alipotekwa na wafanya biashara ya watumwa. Katika Maniema habari za namna hiyo zajulikana, maana miaka ile ile Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, palikuwa na soko kubwa, na misafara ya watumwa ilipita huko kwenda pwani. Mtoto yule alishikwa na hofu kuu hata akalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Waliomteka wakamwita Bakhita, maana yake kwa Kiarabu ni mwenye bahati; na neno bahati katika Kiswahili lina asili moja na jina hilo.

Aliuzwa mara nyingi, kwanza El Obeid, baadaye Khartoum. Katika nyumba ya jemadari mmoja wa Kituruki alichanjwa mwilini kwa wembe, na chumvi ikatiwa katika majeraha ili makovu yasifutike. Makovu hayo yalikuwa 114. Mtumwa hana saa iliyo yake wala mahali palipo pake. Mchana na usiku yuko chini ya macho ya watu na amri zao. Kitu kimoja tu hawakuweza kumnyang'anya, nacho ni moyo wake. Tangu utoto, alipotazama jua, mwezi na nyota, alijiuliza ni nani Bwana wa vitu vizuri hivyo, akatamani kumjua na kumheshimu. Hakuna mwalimu aliyemfundisha swali hilo. Lilizaliwa ndani ya ukimya wake.

Mwaka 1883 Callisto Legnani, konsuli wa Italia huko Khartoum, alimnunua, na katika nyumba yake Bakhita hakupigwa tena. Mwaka 1885 alimchukua mpaka Italia, na huko akawa yaya wa mtoto wa jamaa ya Michieli. Mwaka 1888 yeye na mtoto huyo waliwekwa katika nyumba ya wakatekumeni ya masista Wakanosa, mjini Venezia. Hapo ndipo alipojifunza ya kwamba yule Bwana wa nyota ni Baba yake, na ya kwamba Mwana wake naye alipigwa mijeledi.

Bibi Michieli aliporudi ili ampeleke tena Afrika, Bakhita alikataa kuondoka kabla ya kubatizwa. Alimpenda mtoto yule, na kuachana naye kulimwumiza; hata hivyo hakulibadili neno lake. Mambo yalifika mbele ya wakuu, na tarehe 29 Novemba 1889 mahakama iliamua kwamba sheria ya Italia haiutambui utumwa, basi Bakhita ni mtu huru. Hapa laonekana jambo kubwa: mtu mpole si mtu asiye na nia. Hakuwa na fedha wala jamaa katika nchi ile, wala hakuwa msemaji. Alisema hapana, akakaa imara.

Tarehe 9 Januari 1890 alipokea Ubatizo, Kipaimara na Komunyo ya kwanza siku moja. Baada ya hapo mara nyingi alionekana akilibusu bakuli la ubatizo. Akaingia utawani, na tarehe 8 Desemba 1896 akaweka nadhiri.

Mwaka 1902 alitumwa katika nyumba ya masista mjini Schio. Huko alipika, alishona, alitunza sakristia, na zaidi ya yote alikuwa mngoja mlango. Kazi ya mlango ni kazi ya watu: kengele hulia, naye hana budi kuinuka. Watoto wa shule, maskini na wenye huzuni walimkuta hapo. Aliwawekea watoto mkono kichwani, akasema nao maneno machache kwa sauti tamu. Sala ndiyo iliyokuwa pumziko lake, na mbele ya Sakramenti Kuu alipata tena nguvu za kuwapokea watu.

Ndipo likaja jaribu lisilotazamiwa. Mwaka 1931 kilitolewa kitabu cha maisha yake, kilichoandikwa na Ida Zanolini, na watu wengi wakataka kumwona. Katika miaka ya 1930 wakubwa wake walimtuma azunguke miji mingi ya Italia kwa ajili ya misioni. Makanisa na kumbi zilijaa. Kwake ilikuwa taabu kubwa, kwa maana alijiona akitazamwa kama mnyama wa ajabu. Hata hivyo alitii. Lakini hakujifanya mhubiri. Sista mwenzake, aliyekuwa mmisionari kule China, ndiye aliyesimulia habari ndefu. Bakhita alipanda mwishoni, akawaomba wampende Mungu na kuwaombea wasiomjua bado, akashuka. Maneno hayo machache yaliwagusa watu kuliko hotuba. Alitoa kile alichokuwa nacho, wala hakujitaabisha kutoa kile ambacho Mungu hakumpa.

Uzee ulipomfunga katika kiti cha magurudumu, askofu mmoja alimwuliza afanya nini hapo kutwa. Akamjibu kwamba afanya lile analofanya askofu, yaani mapenzi ya Mungu. Alikufa Schio tarehe 8 Februari 1947. Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Wakatekumeni wapendwa, Bwana Yesu mwenyewe, baada ya kuwalisha watu elfu tano, aliwaaga makutano akapanda mlimani peke yake kusali. Na Mitume waliporudi wamechoka aliwaita wapumzike mahali pasipo watu. Basi asiyeweza kusema mbele ya wengi asidhani kwamba Mungu hana kazi naye. Aitunze saa yake ya utulivu, lakini mgonjwa akibisha mlangoni, na ainuke amfungulie, kama Bakhita. Naye mchangamfu asimhukumu jirani aliye kimya. Huenda saa ile ile anamwombea.