Mfungwa Aliyetoroka Akapande Theluji

Juzi nilikaa ukingoni mwa Mto Tana mjini Garissa, jua likichoma hata chini ya mgunga. Nilimwambia mzee mmoja wa Kisomali, mfugaji wa ngamia, kuwa maji yale yashuka Mlima Kenya, na kwamba kule juu kuna theluji. Akataka kujua mtu hufuata nini mahali pasipo nyasi. Nikamsimulia habari za Felice Benuzzi.

Benuzzi alikuwa Mtaliano, mzaliwa wa Vienna mwaka 1910. Ujanani alijifunza kupanda milima ya Ulaya, kisha akawa mtumishi wa serikali ya Kitaliano iliyoivamia Uhabeshi. Mwanzo wa 1941 majeshi ya Waingereza, wakiwamo askari wengi Waafrika, yaliuvuka mto huu wa Tana kuelekea Kismayu na Mogadishu. Aprili yakaingia Addis Ababa. Benuzzi akawa mateka, akaletwa Nanyuki.

Dhuluma iliyotendwa Uhabeshi siisahau, wala siitetei. Lakini nimtazamapo mtu yule nyuma ya seng'enge, namwona mja aliyekuwa akioza kwa kukosa la kufanya. Asubuhi moja mawingu yakafunguka, akauona mlima. Tangu siku ile akawa na kazi.

Akapata wenzake wawili: Giovanni Balletto, tabibu na mpanda milima, na Vincenzo Barsotti, asiyejua milima kabisa. Nyundo wakazigeuza sululu za barafu. Kwa vyuma vya gari bovu na seng'enge wakaunda meno ya kufunga viatuni, mguu usiteleze. Kamba walizisokota kwa mkonge wa vitandani. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima iliyobandikwa kwenye kopo la nyama.

Tarehe 24 Januari 1943 wakatoroka. Barsotti akaugua, akabaki kambini porini. Wenzake wakajaribu kilele cha Batian, chenye mita 5,199, lakini dhoruba ya theluji ikawarudisha. Tarehe 6 Februari wakafika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao. Kisha, baada ya siku 18, wakarejea wenyewe kifungoni, matumbo matupu. Walihukumiwa siku 28 za kufungwa peke yao. Wakatumikia saba tu, kwani mkuu wa kambi aliustahi ushujaa wao.

Baada ya vita Benuzzi aliandika kitabu cha safari ile, akawa mwanadiplomasia, akafariki mwaka 1988. Barafu aliyoikanyaga nayo imekonda sana.

Nilidhani mzee atacheka, kwa mtu atorokaye kisha akarudi. Hakucheka. Alisema hata yeye huenda mwendo wa siku nyingi kumtafuta ngamia aliyepotea, akijua pengine atarudi na kamba tu mkononi. Lakini asiyekwenda kabisa huyo ndiye aliyekwisha kupotea.

Nikayatazama maji ya Tana yakipita kuelekea kwetu pwani, nikanyamaza.