Helmholtz na Kioo cha Jicho

Mtu nitakayemweleza hapa hakufika kamwe katika nchi zetu, naye alikufa zamani. Lakini ninayo sababu ya kumwandika.

Mjomba wangu, ndiye aliyenifundisha Kiswahili, alikuwa dereva wa lori katika njia ya Mombasa na Kampala kwa miaka mingi. Mwaka juzi aliona kwamba taa za magari zinamsumbua sana usiku, tena maandishi madogo ya hati za mizigo hayasomeki. Akadhani ni uzee, akaenda kwa daktari wa macho kutafuta miwani. Daktari akamtia matone machoni, akangoja mpaka mboni zikapanuka, akachungulia ndani kwa chombo kidogo chenye taa. Kisha hakumpa miwani, bali alimpeleka akapimwe damu, na mjomba akaonekana ana kisukari. Alirudi nyumbani amekasirika, akilalamika kwamba alikwenda kwa ajili ya macho, nao wamempa ugonjwa wa sukari.

Hata mimi nilishangaa. Jicho na sukari vina udugu gani? Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa fizikia, naye akanipa kitabu cha maisha ya Hermann von Helmholtz.

Helmholtz alizaliwa tarehe 31 Agosti 1821 katika mji wa Potsdam, Ujerumani. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule, tena si mtu wa mali. Mtoto huyu alikuwa dhaifu wa mwili, akaugua mara nyingi. Kukariri maneno kulimshinda, lakini mambo ya vioo na mwanga aliyapenda mno. Wakati wenzake walipokuwa wakisoma Kilatini darasani, yeye alikuwa chini ya meza akipiga hesabu za njia ya mwanga katika darubini. Sisemi tumwige katika hilo, maana walimu wetu nao husoma gazeti hili!

Alitamani kusoma fizikia, lakini baba yake hakuweza kumlipia. Basi mwaka 1838 akaingia chuo cha Berlin kilichofundisha waganga wa jeshi. Serikali ilimsomesha, naye akafungwa na ahadi ya kulitumikia jeshi miaka minane. Hakununa kwa kukosa alichokitaka. Alisoma uganga kwa bidii, na saa za nafasi akajifunza hesabu na fizikia peke yake. Mwaka 1847, hali akiwa bado mganga wa askari, alitoa maandiko yake mashuhuri juu ya nguvu, akionyesha kwamba nguvu haipotei kamwe, bali hugeuka namna tu. Mwaka uliofuata aliruhusiwa kutoka jeshini kabla ya muda wake kwisha, na mwaka 1849 akaenda Königsberg kufundisha habari za kazi za mwili.

Huko ndiko lilikotokea jambo letu. Mwaka 1850 alikuwa akitengeneza somo la kuwaeleza wanafunzi kwa nini mboni ya jicho huonekana nyeusi. Watu wengi walidhani mwanga ukiingia jichoni humezwa wote. Helmholtz aliona kwamba sehemu ya mwanga hurudi nje, lakini hurudi kwa njia ile ile uliyoingilia, mpaka kwenye taa. Mtu akitaka kuupokea, imempasa kuweka jicho lake mbele ya taa, na akifanya hivyo kichwa chake huziba mwanga. Ni kama mtu anayechungulia chumba chenye giza kwa tundu la ufunguo, naye mwenyewe ameliziba tundu lile.

Basi alichukua vipande vyembamba vya kioo, akaviweka mshazari. Mwanga wa taa iliyo kando uligonga kioo ukaingia katika jicho la mtu, na ulipotoka, sehemu yake ilipenya kioo kile kile ikafika katika jicho lake mwenyewe. Akaongeza lenzi ili picha iwe safi. Chombo chenyewe alikiunga kwa karatasi ngumu na gundi. Baada ya siku nane hivi za kujaribu, aliona retina ya mtu aliye hai, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, pamoja na vishipa vyake vya damu. Alikuwa na umri wa miaka 29. Mwaka 1851 alitoa kijitabu cha kukieleza chombo hicho, akakiita kwa lugha yake kioo cha jicho.

Kabla ya hapo, jicho lililopofuka lilikuwa fumbo kwa waganga, na mara nyingi sababu ilijulikana baada ya mgonjwa kufa na jicho kupasuliwa. Sasa waliweza kutazama hali mtu ameketi mbele yao. Tena katika retina mishipa ya damu huonekana waziwazi bila kuikata ngozi. Kwa hiyo anayetazama jicho hutazama pia hali ya damu ya mwili mzima.

Mwaka 1855 daktari Eduard Jaeger wa mji wa Vienna alieleza madoa aliyoyaona katika retina ya mgonjwa wa kisukari. Wakubwa wengine wa kazi hiyo hawakusadiki kwamba kisukari ndicho kilicholeta madoa yale. Mabishano yaliendelea miaka mingi, hata mwaka 1872 Edward Nettleship wa London akaleta ushahidi wenye nguvu. Leo hakuna anayebisha. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, hudhoofisha kuta za vishipa vidogo. Vishipa huvimba kama shanga ndogo, vikavuja damu na mafuta. Baadaye vingine huziba, na vipya vibovu huota, vikipasuka hujaza jicho damu. Jambo la kuogopesha ni kwamba mwanzoni mgonjwa haoni maumivu, wala kusoma hakumshindi. Daktari huweza kuyaona madoa kabla mgonjwa hajajua kwamba anaumwa. Lakini madoa peke yake hayatoshi, maana hata shinikizo la damu huweza kuyaleta, kwa hiyo damu lazima ipimwe.

Helmholtz hakukaa na chombo chake tu. Alifundisha Bonn, kisha Heidelberg, kisha Berlin. Aliandika kitabu kikubwa juu ya kuona, akapima mwendo wa habari katika neva za chura, akachunguza sauti na muziki. Nyumbani alipata huzuni, maana mkewe Olga alifariki mwaka 1859, akimwachia watoto wadogo. Mwaka 1893 alisafiri mpaka Chicago, na wakati wa kurudi alianguka katika ngazi za meli. Alifariki tarehe 8 Septemba 1894.

Kwa kadiri nilivyosoma, mtu huyu hakuwa akitafuta kisukari. Alikuwa akitafuta jibu safi la kuwapa wanafunzi wake. Jibu lile ndilo lililomfikia mjomba wangu katika chumba cha daktari, zaidi ya miaka 160 baadaye.

Mjomba alitibiwa jicho la kushoto kwa mwanga wa leza. Halikurudi kuwa zima, kwa sababu alichelewa, ila la kulia limeokoka. Ameacha lori. Sasa anameza dawa zake, amepunguza soda na chai ya sukari nyingi aliyoizoea njiani, na kila mwaka hurudi kutiwa matone. Daktari amemwonya kwamba mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka hata akiwa anaona vizuri, maana akingoja mpaka aone vibaya huenda muda umekwisha kupita.

Na kisukari aghalabu hutembea katika jamaa. Mama yangu ni dada yake mjomba, tumbo moja. Siku hizi ananiomba nimtungie uzi kwenye sindano, akisema taa ya nyumbani ni hafifu. Nami nimeichunguza taa ile, haina kasoro. Nimemweleza habari za Helmholtz, akacheka, akasema atakwenda baada ya mavuno. Shule ikifungwa sitangoja mavuno. Nitakwenda naye mwenyewe.