Maybach: Yatima wa Heilbronn aliyezipa pikipiki pumzi

KABLA jua halijachomoza vyema nyuma ya Milima ya Cherang'any, wahudumu wa bodaboda mjini Kitale huwa tayari wamepiga kiki na kuelekea stejini. Injini ikikohoa na kuzima, lawama huiendea kabureta. Ni wachache wanaojua kwamba umbo la kifaa hicho lilitokana na jasho la Mjerumani Wilhelm Maybach.

Maybach, mwana wa seremala, alizaliwa mjini Heilbronn mnamo Februari 9, 1846. Alipofika umri wa miaka 10 alikuwa amefiwa na wazazi wote wawili, akalelewa katika makao ya hisani mjini Reutlingen. Humo alijifunza uchoraji wa mitambo. Kipawa chake kilimvutia mhandisi Gottlieb Daimler, aliyekuja kusimamia karakana ya makao hayo, na tangu hapo wawili hao hawakuachana.

Mwaka wa 1882 walianzisha karakana yao Cannstatt, katika banda la bustani la Daimler. Miaka mitatu baadaye walitoa pikipiki ya kwanza ya petroli, yenye fremu ya mbao na injini ya nusu nguvu-farasi. Hata hivyo, kabureta za wakati huo zilipitisha hewa juu ya petroli ili ibebe mvuke wake, na mchanganyiko ulibadilika kila hali ya hewa ilipobadilika.

Maybach alilitatua jambo hilo mwaka wa 1893, akifanya kazi katika ukumbi wa iliyokuwa Hoteli Hermann. Haki yataka isemwe kwamba Wahungari Donát Bánki na János Csonka waliomba hataza ya kifaa cha aina hiyo miezi michache kabla yake, na ubishi kuhusu nani wa kwanza ungalipo.

Siri yenyewe ni nyepesi. Boya dogo hupanda petroli inapojaa kibakulini, likasukuma sindano na kufunga mlango wa mafuta. Hewa inayovutwa na injini hupita kwenye koo jembamba, ikaenda kasi na kanieneo yake ikashuka. Petroli hufyonzwa kupitia tundu la jeti na kutawanyika kama manyunyu. Uwiano unaofaa ni takriban gramu 15 za hewa kwa gramu moja ya petroli.

Tundu hilo limepimwa kwa uangalifu mkubwa, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Wakikuta jeti imezibwa na uchafu, huchokora kwa waya. Tundu hupanuka, pikipiki ikanywa mafuta kupita kiasi, na mwenyewe akapoteza mapato kila siku asijue sababu. Inapasa kufunga mafuta, kufungua kibakuli mbali na moto, kuosha jeti kwa petroli safi na kuipuliza kwa upepo wa pampu. Sindano iliyolika nayo ibadilishwe, la sivyo petroli itafurika.

Tena kuna suala la mwinuko. Bungoma iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Kitale karibu 1,900. Hewa ya Kitale ni nyepesi zaidi, hivyo kabureta iliyorekebishwa Bungoma huelekea kuzidisha petroli ikifika huko. Plagi ikitoka nyeusi kwa masizi, fundi achunguze kwanza kichujio cha hewa, maana vumbi la kiangazi nalo huleta dalili hiyo hiyo, ndipo aguse skrubu.

Daimler alifariki Machi 1900. Maybach aliendelea kubuni gari la kwanza lililoitwa Mercedes, lakini baadaye akasukumwa pembeni na wakubwa wa kampuni, akaondoka mwaka wa 1907. Mnamo 1909 aliungana na mwanawe Karl na Count Zeppelin kutengeneza injini za ndege-puto. Alifariki Desemba 29, 1929, akazikwa Cannstatt, katika makaburi alikolazwa Daimler.