Yohana Krisostomo na Kwaresima ya Mwaka 387

Wengi wetu twalijua jina la Mtakatifu Yohana Krisostomo kwa sababu ya ile sala fupi inayoitwa kwa jina lake katika Kitabu cha Sala. Mtu mwenyewe hatumjui sana. Basi katika majira haya ya Kwaresima twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari zake.

Alizaliwa karibu na mwaka 349 huko Antiokia, mji ambamo wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Baba yake alifariki yeye angali mchanga, akalelewa na mama yake Anthusa, mjane kijana aliyekataa kuolewa tena. Alipokuwa mtu mzima alikwenda milimani kuishi na watawa. Huko alifunga na kukesha kupita kiasi, miaka miwili pangoni, hata tumbo na figo zikaharibika, ikambidi arudi mjini. Hakupona kabisa maisha yake yote. (Twalitaja hili kwa makusudi, maana hata leo wapo wanaodhani kwamba kadiri mtu anavyojitesa ndivyo anavyompendeza Mungu.) Mwaka 386 Askofu Flaviano akampa ukasisi.

Mwaka uliofuata, Kwaresima ikiwa karibu, ilikuja amri ya kodi mpya. Watu wakaghadhibika, wakaziangusha sanamu za Kaisari Theodosio na jamaa yake, wakaziburuta barabarani. Ghasia zilikwisha upesi, lakini hofu ilibaki. Wengi walikamatwa, wengine wakauawa; waliosalia wakakimbilia nyikani au wakajifungia majumbani, wakingoja hukumu ya mji mzima. Flaviano, ingawa alikuwa mzee sana, alimwacha dada yake kitandani akiwa mahututi, akashika safari ndefu ya Konstantinopoli kwenda kuwaombea. Kundi likabaki na kasisi wa mwaka mmoja tu.

Yohana akapanda mimbarini siku baada ya siku. Kanisa lilijaa, watu wakafunga kwa bidii, maana waliogopa. Yeye aliona kwamba hofu peke yake haimgeuzi mtu. Akawaambia kuwa kuacha nyama hakufai kitu ikiwa mtu angali anamtafuna ndugu yake kwa masengenyo. Alitaka jicho nalo lifunge, na sikio, na mkono. Tena aliwashika kwa jambo moja lililoonekana dogo, yaani kuapa ovyo, akalirudia mara nyingi mno hata twadhani wengine walimchoka. Wapo walioona haya kuja kanisani kwa kuwa wamekula. Hao akawaita waje bila kusita, kwani chakula hakimzuii mtu kusikia neno la Mungu. Yeye mwenye tumbo bovu alijua alisemalo.

Kabla ya Pasaka Flaviano alirudi na msamaha wa Kaisari.

Mwaka 398 Yohana aliwekwa kuwa Askofu wa Konstantinopoli. Alikula peke yake, chakula kidogo, akapunguza gharama za nyumba ya askofu. Fedha iliyobaki akaipeleka hospitalini kwa wagonjwa maskini. Karamu za wakubwa zikakosa mwenyeji, nao hawakumsamehe. Alihamishwa mwaka 404 mpaka Armenia, na hata huko wakaona yu karibu mno. Wakamwendesha tena mbali zaidi, juani na mvuani, akafa njiani tarehe 14 Septemba 407.