Vijiko vinne vya John Wesley

Kipato chako kinapopanda, amani nayo hupanda, au ni madeni tu?

John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alizaliwa Epworth, Uingereza, mwaka 1703. Alikuwa na miaka miwili baba yake, mchungaji, alipofungwa kwa sababu ya madeni.

Baadaye Wesley alihubiri habari za kijana wa Oxford, ambaye wengi huamini ni yeye mwenyewe. Kijana huyo alipata pauni 30 kwa mwaka, akatumia 28. Kipato kilipofika 60, kisha 90, kisha 120, aliendelea kuishi kwa 28 zilezile. Zilizobaki aliwapa maskini.

Mwaka 1776 wakusanya kodi walimtaka ataje vyombo vyake vya fedha. Alijibu kwamba ana vijiko viwili London na viwili Bristol, wala hataongeza vingine wakati wengi wanaomzunguka hawana mkate.

Ndugu yangu, usingizi wako unaibwa na nini? Leo kaeni kama familia, mwandike kiasi kinachowatosha kwa mwezi. Kipato kikiongezeka, kiasi hicho kisiongezeke. Someni pamoja 1 Timotheo 6:6-8.

Jumapili njema.