Aliyetega Sikio Baharini

Sisi watu wa visiwani twaijua ambari, ile inayookotwa ufukweni na kuuzwa kwa thamani kubwa. Lakini nyangumi anayeitoa hatumwoni ila mara chache, kwani sehemu kubwa ya maisha yake hupita katika kilindi kisichofikiwa na mwanga. Miongoni mwa waliotufungulia njia ya kumjua ni Mmarekani William Schevill.

Alizaliwa Brooklyn mwaka 1906, akasoma katika Chuo Kikuu cha Harvard. Kwanza alitafiti mabaki ya viumbe vya kale, na mwaka 1932 alifukua huko Queensland, Australia, mifupa ya mnyama mkubwa wa baharini aliyekwisha toweka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliingia katika taasisi ya elimu ya bahari ya Woods Hole, iliyoisaidia serikali katika mbinu za kugundua nyambizi kwa sauti. Hapo sikio lake likazoea bahari.

Mwaka 1949 yeye na mkewe, Barbara Lawrence, naye mtaalamu wa wanyama, walizamisha chombo cha kusikilizia katika mto Saguenay, Kanada, wakasikia sauti za nyangumi weupe. Mwaka 1957, pamoja na mwenzake Worthington, alitangaza sauti za nyangumi wa ambari: milio mikavu ifuatanayo kama mapigo ya nyundo. Kisha ukazuka mngurumo mzito ambao baadhi ya wanajeshi wa Marekani waliushuku kuwa wa nyambizi za Kisovieti. Mwaka 1964 Schevill na wenzake walionyesha kuwa ni sauti ya nyangumi. Katika zama zile za uhasama, hilo halikuwa jambo dogo.

Schevill alifariki mwaka 1994, lakini kazi yake inaendelea. Nyangumi wa ambari hutafuta ngisi gizani, mara nyingi mita mia kadhaa chini, kwa kusikiliza mwangwi wa milio yake. Anapolikaribia windo, milio hukazana hata ikawa kama mkwaruzo mmoja. Anayesikiliza hutambua kwamba hapo ndipo penye malisho.

Lakini sauti hiyo hiyo yaweza kuua. Mwaka 2000 huko Bahamas, na mwaka 2002 katika visiwa vya Kanari, nyangumi wazamiao sana walikwama na kufa pwani baada ya manowari kutumia mitambo ya sauti katika mazoezi. Mwaka 2004 Hispania ilipiga marufuku mitambo hiyo kandokando ya visiwa vyake hivyo.

Basi wakuu wenye dhamana ya bahari wazingatie. Kabla ya kutia muhuri kibali cha mazoezi ya kivita, au cha kutafuta mafuta kwa mishindo chini ya maji, vizamishwe kwanza vyombo vya kusikilizia, ijulikane ni nani anayeishi na kula huko chini. Kibali hutolewa kwa siku moja. Malisho yakishaharibika hayarudishwi kwa muhuri.