Erwin Schrödinger na paka wa ndani ya sanduku

Mtumbwi wa Mgenia hauwezi kuwa Lubunga na Makiso kwa wakati mumoja. Kila mwenye kuvuka mto hapa Kisangani anajua. Lakini kitu kidogo sana kama elektroni, hesabu ya fizikia inasema kinaweza kubeba hali mbili pamoja mpaka kipimwe. Mwenye kuandika ile hesabu ni Erwin Schrödinger, mtu wa Vienna huko Austria, aliyezaliwa 12 Agosti 1887.

Aliiandika mwaka 1926 akiwa profesa kule Zürich, na miaka 38 tayari. Wenzake wa kazi hiyo wengi walikuwa vijana kabisa. Mwaka uliofuata akaitwa Berlin kukamata nafasi ya Max Planck.

Basi, swali likabaki: kama atomu inaweza, na sisi wote tumejengwa na atomu, mbona meza haifanyi vile? Mwaka 1935 akatunga mfano. Paka anafungwa ndani ya sanduku la chuma pamoja na madini kidogo yenye kutoa mionzi, nyundo, na chupa ya sumu. (Madini ya namna hiyo, miaka ya 1920, dunia iliyapata sana kutoka Shinkolobwe kwetu Katanga.) Atomu moja ikipasuka, nyundo inaanguka, chupa inavunjika, paka anakufa. Isipopasuka, paka ni mzima. Ukifuata hesabu tu, kabla ya kufungua sanduku paka ni mzima na ni maiti. Wengi wanafikiri Schrödinger aliamini hivyo. Hapana! Alitaka kuonyesha kwamba maelezo ya wenzake yanafika kwenye mambo ya kuchekesha. Na hakuna paka aliyeuawa. Yote ilikuwa kwenye karatasi.

Maisha yake yenyewe hayakuwa safi. Aliondoka Berlin 1933 kwa kuchukia utawala wa Hitler, na mwaka uleule akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Dirac. Lakini 1938, Hitler alipokamata Austria, aliandika barua ya kumuunga mkono. Baadaye aliijutia. Hata hivyo walimfukuza kazi, akakimbia na bibi yake. Ireland ikampokea, akakaa Dublin mpaka 1956. Mwaka 2022 chuo cha Trinity cha mji huo kilitoa jina lake kwenye ukumbi wa masomo, juu ya habari za mwenendo wake na wasichana wadogo.

Alikufa Vienna 4 Januari 1961 kwa kifua kikuu. Jibu la paka lilikuja nyuma yake: hewa, mwanga na joto vinagonga kitu kikubwa bila kupumzika, na ile hali mbili inapotea mara moja. Vienna hiyohiyo, mwaka 1999, watafiti walionyesha hali mbili kwa molekuli yenye atomu 60 za kaboni. Mwaka 2019 walifika karibu atomu 2.000. Mtumbwi bado uko mbali sana.